Kumtafuta Fundi wa Kamera ya Kukunja Mjini Tabora: Uchambuzi wa Kisa Kimoja

Kwa muda wa wiki tano nilizunguka mjini Tabora nikiuliza swali moja: "Nani hapa anatengeneza kamera za zamani?" Niliuliza katika studio zinazopiga picha za pasipoti, katika maduka ya vifaa vya simu, kwa mafundi redio wa sokoni na kwa wapiga picha wa harusi, ambao walinisikiliza kwa upole kisha wakanionyesha kamera zao za kidijitali. Majibu niliyoyapata yalikuwa ya aina mbili. Wengi walisema fundi wa namna hiyo hayupo, na wachache walisema yupo kijana fulani anayeweza kufungua kitu chochote. Katika uchambuzi huu nitaeleza kwa nini swali lenyewe lilikosewa, kwa nini jibu la aina ya pili lilinigharimu kuliko lile la kwanza, na jinsi kazi ilivyokuja kufanywa na watu ambao hakuna hata mmoja wao aliyewahi kujiita fundi kamera.

Kamera yenyewe

Kamera ilikuwa ya marehemu babu yangu mzaa mama. Alikuwa karani wa reli hapa Tabora, mji ambao reli ya kati iliufikia mwaka 1912 na ambao hadi leo ni njia panda ya treni za Kigoma, Mwanza na Mpanda. Siku za kazi aliandika hati za mizigo. Jumapili, watu walipotoka kanisani wakiwa wamevaa nguo zao nzuri, aliwapiga picha chini ya miembe, akalipwa senti chache au kuku. Aliinunua Agfa Isolette II mwishoni mwa miaka ya 1950, na kwa maelezo ya bibi aliichagua kwa sababu ilipokunjwa iliingia katika mfuko wa koti lake la kazi.

Ni lazima nieleze umbo la kamera hii, kwa kuwa ubovu wake wote unatokana na umbo hilo. Ukibonyeza kitufe, mlango wa mbele hufunguka, mikono ya chuma hujinyoosha na kuisogeza mbele bamba linaloshika lenzi, na nyuma ya bamba hilo hukunjuka mivukuto, yaani lile boksi jeusi lenye mikunjo kama ya kodiani, ambalo kazi yake ni kuzuia mwanga wote usioingia kwa njia ya lenzi. Lenzi ya kamera ya babu ni Apotar ya milimita 85 yenye vioo 3, na tundu lake la kupitishia mwanga likifunguliwa kabisa ni f/4.5 (namba ya f ikiwa kubwa, tundu ni dogo). Imefungwa ndani ya shata, yaani kifaa kinachofunguka na kujifunga ili mwanga uingie kwa muda uliopimwa, aina ya Prontor-S, ambayo kasi zake zinaanzia sekunde 1 hadi 1/300 ya sekunde. Filamu yake ni ya 120, ambayo kampuni ya Kodak iliianzisha mwaka 1901 na ambayo inatengenezwa hata sasa. Rolo moja hutoa picha 12 za mraba, za sentimita 6 kwa 6. Kwa hiyo mtu asiseme kwamba kamera ya namna hii ni pambo la kabati. Chakula chake bado kipo.

Bibi alinikabidhi ikiwa imefungwa katika kitambaa cha fulana. "Mjukuu wangu," aliniambia, "itengeneze nipigwe picha kwa kamera hii kabla sijaondoka. Yeye aliupiga mji mzima. Mimi alinipiga mara mbili tu." Maneno hayo ndiyo yaliyoweka mpaka wa kazi yote iliyofuata. Kununua kamera nyingine ya aina ileile, jambo ambalo lingekuwa rahisi zaidi kwa fedha, halikuwa suluhisho.

Ubovu wake ulikuwa wa sehemu tatu, na baadaye nilikuja kufahamu kwamba ni ubovu wa kawaida kabisa kwa Isolette zilizokaa miongo mingi. Kwanza, pete ya kulenga umbali ilikuwa imeganda. Agfa walipaka katika nyuzi za lenzi, yaani mikato kama ya skrubu ambayo vioo hufungwa kwayo, grisi ya kijani ambayo kwa miaka hukauka na kuwa ngumu kama gundi, kiasi kwamba ukilazimisha kuizungusha pete, kioo cha mbele na kile cha kati huzunguka pamoja kama kitu kimoja, na kipimo kizima cha lenzi kinaharibika bila mtu kuona. Pili, shata ilikuwa nzito: kasi za juu zilisikika, lakini nikiweka sekunde 1 au nusu sekunde, ilifunguka na kubaki wazi. Tatu, mivukuto ilikuwa na matundu. Mivukuto ya Isolette nyingi ilitengenezwa kwa malighafi ya bandia ambayo huchanika kwenye pembe za mikunjo, na matundu yake ni madogo mno kuonekana mchana. Niliyagundua usiku, baada ya kuzima taa, kuingiza tochi ndogo ndani ya kamera kwa upande wa nyuma na kuizungusha polepole huku nikitazama kwa nje. Nilihesabu nukta 7 za mwanga, zote pembeni, kama nyota.

Fundi wa kwanza

Nilimpelekea kamera kijana mmoja anayetengeneza simu, ambaye watu watatu walikuwa wamenielekeza kwake. Sitamtaja, na sina kinyongo naye, kwa maana kosa lilianzia kwangu: sikumweleza chochote, wala sikumwuliza chochote. Aliipokea, akaibonyeza mara mbili, akachukua kopo la dawa ya kulegeza nati zilizoshika kutu, akaingiza mrija wake mwembamba kando ya lenzi na kupuliza. Shata ikaanza kufanya kazi papo hapo. Kasi ya sekunde 1, iliyokuwa imekufa, ikafunga. Nilimlipa shilingi elfu kumi kwa furaha na nikaenda kumwonyesha bibi.

Furaha hiyo ilidumu siku mbili. Siku ya tatu shata haikufunguka kabisa.

Sababu yake inafaa kuelezwa kwa kirefu, kwa kuwa ndiyo inayotenganisha ufundi na majaribio. Mwanga unaruhusiwa kuingia na kuzuiwa na mabapa membamba ya chuma yanayolaliana katikati ya lenzi, mepesi kuliko wembe, yanayosukumwa na springi dhaifu. Mabapa haya yameundwa yafanye kazi yakiwa makavu kabisa. Tone la mafuta likipita kati yake, huyanatisha kama vioo viwili vyenye maji kati yake vinavyonatana, na springi haina nguvu ya kuyaachanisha. Mafuta yaliyopulizwa yalilegeza kwanza gia za kasi za chini, ambazo ndizo zilizokuwa zimeshikwa na uchafu, na kwa muda huo mfupi kila kitu kilionekana kimepona. Kisha yalitambaa, kama mafuta yanavyotambaa, yakayafikia mabapa, na mengine yakaacha ukungu juu ya kioo cha nyuma. Nilikuwa nimempelekea kamera yenye ubovu wa sehemu tatu, nikarudi na ya sehemu nne.

Nimetafakari sana kwa nini mtu mwenye mikono mizuri kama yule kijana, ambaye nimemwona kwa macho yangu akibadilisha kioo cha simu bila kukipasua, alifanya jambo lile. Nadhani ni kwa sababu kazi yake inamfundisha kubadilisha. Betri ikifa anaweka nyingine. Sehemu ya chaji ikiungua anaweka nyingine. Kwa kamera ambayo kiwanda chake kiliacha kutengeneza kamera tangu miaka ya 1980, hakuna kipuri cha kuagiza dukani. Kila skrubu iliyomo ndiyo hiyohiyo, na fundi anayeifungua anapaswa kuwa na tabia ya kuokoa kilichopo. Tabia hiyo haitokani na akili kubwa zaidi. Inatokana na kazi ambayo mtu ameizoea.

Njia nilizoziacha

Baada ya hasara hiyo nilipima njia mbili. Ya kwanza ilikuwa kuipeleka Dar es Salaam, ambako niliambiwa kwamba mafundi waliokuwa wakihudumia studio za zamani walikuwepo kwa wingi. Nilipiga simu kwa siku nne kupitia ndugu na marafiki. Waliopatikana walikuwa wanatengeneza kamera za kidijitali na projekta, na mmoja wao, ambaye nilimheshimu kwa jibu lake, aliniambia wazi kwamba shata ya aina hiyo hajawahi kuifungua na hataki kujifunzia kwenye mali ya marehemu.

Ya pili ilikuwa kuisafirisha Ulaya. Ujerumani na Uingereza wako mafundi wanaofanya kazi ya kamera za kukunja tu, na wengine wanashona mivukuto mipya kwa kipimo. Hesabu yake hata hivyo ilikuwa nzito: usafiri wa kwenda na kurudi, bima, ushuru na malipo ya fundi vingezidi mara kadhaa bei ya kununua Isolette nyingine iliyo nzima, kwa maana kamera hii ilitengenezwa kwa wingi na si adimu. Bibi naye alikataa katakata. Alisema kitu kilichopanda meli kuja huku hakina haja ya kupanda ndege kurudi, na kwamba yeye hana miezi ya kusubiri posta.

Ni bibi huyohuyo aliyenitoa gizani, bila kukusudia. Siku moja tulikuwa tukiongea habari za babu, akaikumbuka saa yake ya mfukoni, na akaeleza jinsi ilivyokuwa ikipelekwa kusafishwa kila mwaka kabla ya mvua. "Wafanyakazi wa reli walikuwa hawachezei saa," alisema. "Ilikuwa ikichelewa dakika moja, fundi anaitwa."

Shata ni saa

Ndani ya Prontor-S, kinachoifanya shata ibaki wazi kwa sekunde moja kamili, au kwa sehemu ya kumi ya sekunde, ni mfuatano wa magurudumu madogo yenye meno pamoja na nanga inayotikisika na kuyazuia yasikimbie. Ni mtambo uleule wa saa, uliopunguzwa. Sauti ya "zzzz" unayoisikia katika kasi za chini ni sauti ya nanga hiyo. Kiwanda cha Alfred Gauthier kilichotengeneza shata za Prontor kilikuwa Calmbach, katika Msitu Mweusi wa Ujerumani, na eneo hilo lilijulikana kwa saa zake muda mrefu kabla ya kujulikana kwa shata. Ningetakiwa kulifahamu hilo tangu wiki ya kwanza, na kuuliza: "Nani hapa Tabora anafungua kitu kidogo chenye springi, akakisafisha, akakifunga tena na akapima kama kinakwenda sawasawa?" Kwa swali hilo, mji wa reli una jibu.

Fundi saa niliyemwendea ana meza yake karibu na soko kuu. Ni mzee aliyefundishwa kazi na baba yake, na ingawa siku hizi wateja wake wengi wanabadilishiwa betri na mikanda tu, bado anazo bisibisi zake zilizopangwa katika kibao kwa unene. Nilimwamkia, akaitikia, nikaiweka kamera mezani. Hakuigusa.

"Mwalimu," aliniambia, "saa naijua. Hiki sikijui. Niambie kwanza, kilipokuwa kizima kilikuwa kinafanya nini?"

Nilimweleza. Akauliza ni lini kiliacha kufanya hivyo, na kiliacha ghafla au kidogo kidogo. Ndipo akaichukua, akaifungua, akaisogeza puani na kunyamaza kidogo. "Nani amekitia mafuta?"

Ninaandika maswali haya kwa makusudi. Kabla ya kuona kazi yake yoyote, nilikwisha kumtambua. Alitaka kufahamu hali ya uzima ya kitu kabla ya kukisogelea. Alitofautisha anachokijua na asichokijua, tena mbele ya mteja. Na alitafuta mkono wa fundi aliyemtangulia. Nilipomwuliza bei alikataa kuitaja. Aliomba siku tatu za kuitazama bila kuifungua, na akataka nimletee maelezo yoyote nitakayoyapata kuhusu mpangilio wa shata hiyo. Nilimletea michoro niliyoichapisha kutoka intaneti, kurasa sita, naye akaibandika ukutani juu ya meza. Siku ya nne akasema shilingi elfu arobaini, kwa sharti kwamba mivukuto si kazi yake na kwamba kioo kikivunjika kwa sababu ya grisi iliyoganda tutagawana lawama. Nilikubali. Ninaamini kwamba sharti lililosemwa mapema ni sehemu ya ufundi, na fundi asiye na sharti lolote ndiye wa kuogopwa.

Kazi

Alianza na lenzi, kwa sababu hakuna njia ya kuifikia shata bila kuitoa. Alilegeza skrubu tatu ndogo sana zilizo pembeni mwa pete ya kulenga, akaiondoa pete, kisha akapima. Kama nilivyohofia, vioo viwili vya mbele vilikuwa vimegandana na kutoka pamoja. Hapo ndipo mtu mwenye haraka angechukua praizi. Yeye alidondosha spiriti safi kwenye uzi kwa ncha ya sindano, akaifunika kwa bilauri, akaiacha usiku kucha. Asubuhi haikutoka. Akarudia usiku wa pili na wa tatu. Siku ya nne aliiacha spiriti ikauke kabisa, maana spiriti na moto havikai pamoja, kisha akaazima mashine ya kukaushia nywele kutoka saluni ya jirani, akaipasha kwa dakika chache na kuizungusha kwa mpira aliokuwa ameukunja vidoleni. Uzi ukaachia kwa mlio mdogo. Kabla ya kuendelea kuzungusha alichora alama ya kalamu kwenye vipande vyote viwili, na akachora nyingine pale vilipotengana. Nilimwuliza sababu, akanijibu kwamba uzi wa namna hii unaweza kuwa na milango mingi ya kuingilia, na ukiingilia mlango usio wake kioo kitakaa kana kwamba kiko sahihi huku hakiko. Hakuwa amelisoma hilo kwenye kurasa zangu. Alilitambua kwa kuutazama uzi.

Shata yenyewe ilimchukua alasiri mbili. Kila skrubu iliyotoka aliiweka juu ya karatasi nyeupe aliyoichora umbo la shata, mahali palepale ilipotoka. Aliyasafisha mafuta ya kopo kwa petroli anayoitumia kwa saa, akaibadilisha kila ilipochafuka, hadi mabapa yalipoanguka na kufunguka kwa uzito wake yenyewe. Mafuta ya taa aliyakataa, kwa kuwa huacha utelezi nyuma yake. Baada ya kila kitu kukauka aliweka mafuta ya saa kwenye mihimili ya gia tu, kiasi kinachobebwa na ncha ya sindano, na mabapa akayaacha makavu. Ukungu wa kioo cha nyuma ulitoka. Kioo cha kati kilikuwa na nyuzi mbili za kuvu, alama za misimu mingi ya mvua ndani ya kabati. Aliziondoa, lakini moja ilikuwa imekwisha kuuma kioo na imeacha kovu ambalo katika picha halionekani.

Kupima

Sehemu hii ndiyo ninayoipa uzito kuliko zote, kwa sababu kamera husema uongo kwa urahisi. Itabonyezwa, italia, itaonekana nzima, na ukweli utajulikana baada ya rolo zima kuharibika.

Shata tuliipima kwa simu. Simu yangu hurekodi video ya mwendo wa polepole kwa fremu 240 kwa sekunde. Kwa hiyo nikiifungua kamera kwa nyuma, nikaielekeza dirishani na kurekodi shata inavyofunguka, idadi ya fremu zenye mwanga hunipa muda. Sekunde 1 inapaswa kuwa fremu 240, sehemu ya kumi ni 24, na 1/25 ni karibu 10. Tulipata 268, 27 na 11. Maana yake ni kwamba shata inachelewa kwa takriban asilimia 12, tofauti isiyofika hata robo ya hatua moja ya mwanga (hatua moja ni mwanga kuongezeka mara mbili au kupungua nusu), ambayo filamu ya negativu huivumilia bila shida. Kasi za 1/100 na 1/300 ni fupi mno kwa njia hii, na hizo tuliziachia filamu iamue. Mzee alizitazama video zile mara nyingi kuliko mimi. Alinieleza kwamba tangu aanze kazi alipima saa kwa kulinganisha na redio, na kwamba hajawahi kuona kwa macho kitu kinachotokea ndani ya sekunde.

Umbali ulihitaji kazi zaidi. Kwa kuwa lenzi ilitenganishwa, alama ya mwisho kwenye pete, ile ya vitu vya mbali kabisa, haikuwa na maana tena mpaka ithibitishwe. Njia ni kuweka kioo chenye ukungu mahali hasa filamu inapolala, kufungua shata kwa alama ya B, inayoiacha wazi muda wote kitufe kinapobonyezwa, na tundu kwa f/4.5, kisha kutazama picha ya kitu cha mbali inavyojichora juu ya kioo hicho. Kioo cha namna hiyo hakiuzwi hapa. Mzee alikata kipande cha kioo cha dirisha kwa kipimo, akakisaga juu ya bamba kwa unga wa kusagia valvu unaotumiwa na mafundi magari, na kikatoka na ukungu laini uliolingana kila mahali. Tulisimama nje ya mji, mimi nimefunika kichwa kwa koti, tukaulenga mnara wa simu ulio zaidi ya kilomita moja kutoka pale, na yeye akawa anazungusha kioo cha mbele kidogo kidogo hadi nilipoviona vyuma vya mnara vimechongeka. Hapo pete ikarudishwa, alama ya mbali ikiwa mahali pake, na zile skrubu tatu zikakazwa. Tulirudia kwa umbali wa mita 2, tukipima kwa futi ya fundi cherehani kutoka filamu hadi kwenye ukurasa wa gazeti. Ilikubali.

Mivukuto

Kuhusu mivukuto nitasema kwa ufupi, kwa sababu bado haijaisha. Fundi viatu mmoja alikubali kuziba yale matundu 7. Viraka vyake vya kwanza vilikuwa imara na vizuri kutazama, lakini vilikuwa vinene, na kamera ilikataa kufunga. Kwa kamera ya kukunja, unene wa nusu milimita katika kila mkunjo ni mwingi sana. Nilirudi kwake na tukazungumza upya. Mara ya pili aliipara ngozi laini ya glovu kuukuu hadi ikawa nyembamba kama karatasi, akabandika vipande vidogo kwa ndani kwenye pembe tu, na kupaka juu yake gundi ya mpira aliyoichanganya na masizi. Kamera ikafunga. Usiku tochi haikuonyesha nukta hata moja. Alinitoza elfu nane na akaniomba msamaha kwa viraka vya kwanza, jambo ambalo halikuwa na lazima, kwa kuwa ni mimi niliyesahau kumwambia kwamba kitu hicho hukunjwa.

Rolo la kwanza

Mpwa wangu anayesoma Uingereza alikuja likizo na rolo tatu za Ilford FP4 Plus, filamu ya nyeusi na nyeupe ya ISO 125 (kipimo cha wepesi wa filamu kuupokea mwanga). Nilibandika kipande cha tepu nyeusi juu ya dirisha jekundu la nyuma, nikawa nalifunua tu wakati wa kusogeza namba, kwa maana dirisha hilo liliwekwa wakati filamu nyingi hazikuiona rangi nyekundu, na filamu za sasa zinaiona. Nilipiga picha 11 mahali tofauti: stesheni, jukwaa likiwa tupu, sokoni, mzee wa saa mezani kwake. Ya 12 niliiweka kwa ajili ya bibi.

Alikaa chini ya mwembe wa nyumbani, amevaa kanga yake ya sikukuu, na alikataa kiti chenye mto. Kivulini nilitumia f/8 kwa 1/50. Nilipima umbali kwa futi, mita 2 na nusu, na nikamwona akitabasamu kwa kuwa babu naye alikuwa akipima kwa hatua zake. Nilisafisha filamu usiku huo bafuni, katika tangi dogo la plastiki, huku maji nikiyapoza kwa mtungi wa udongo, kwa sababu Oktoba ya Tabora maji ya bomba ni ya moto mno kwa dawa.

Katika picha 12, tisa ni safi. Moja nilitikisa mkono. Mbili, za mwisho kabisa kabla ya ile ya bibi, zina mstari wa mwanga kwenye pembe ya chini, ushahidi kwamba kiraka kimoja kimeanza kuachia kwa joto. Picha zilizopigwa kwa 1/100 na 1/300 zina uwiano uleule wa weusi, kwa hiyo kasi za juu nazo ziko karibu na ukweli. Picha ya bibi ni kali kuanzia mikunjo ya kanga hadi kope.

Sasa ninafahamu kwamba viraka ni vya muda, na kwamba mivukuto mipya ndiyo itakayoiweka kamera hii hai kwa miaka mingine. Nimekwisha kuifungua ile ya zamani kwenye karatasi, nikahesabu mikunjo yake na kupima upana wa kila mmoja, mbele na nyuma, na fundi viatu ametengeneza mfano wa karatasi ngumu ambao unakunjika na kukunjuka ndani ya kamera bila kugusa chuma. Kinachosubiriwa ni ngozi ya kondoo iliyoparwa hadi unene unaotakiwa. Mzee wa saa ameomba kwamba siku ya kuifunga awepo, kwa kuwa bamba la lenzi litatolewa na hataki mtu mwingine aziguse skrubu zake. Rolo mbili zimebaki, na bibi amekwisha kuniambia kwamba picha ijayo atakaa kwenye jukwaa la stesheni, mahali babu alipompiga ya kwanza.